Maswali ya Wasomaji: Kipokezi Kimekaa Wapi?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Kusini: Mtwara mjini, Lindi, Liwale, Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea. Wengine wameuliza kuhusu sindano ya uzazi, wengine dawa ya maumivu, wengine fuko wa shambani au muwasho wa korosho. Zote zinaangukia kwenye jambo moja, neuropeptidi, yaani vipande vifupi vya protini ambavyo seli za neva hutumia kupelekeana habari, pamoja na vipokezi vyake vilivyotawanyika ubongoni. Barua ndefu tumezifupisha, na majina hatukuyaandika.

Nimesoma kwamba glutamati na dopamini hupeleka habari ubongoni. Neuropeptidi zina tofauti gani nazo? Na inakuwaje peptidi moja itajwe kwenye maumivu, kisha itajwe tena kwenye kutapika?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Mtwara mjini*

Anza na ukubwa. Dopamini ni molekuli moja ndogo. Neuropeptidi ni mnyororo wa asidi amino: enkefalini ina 5, oksitosini 9, dutu P 11, neuropeptidi Y 36, na CRF, ile inayoamsha mwili wakati wa hofu na msukosuko, ina 41. Dopamini hutengenezwa kwenye ncha ya neva, na ikishamwagwa hufyonzwa ikatumika tena. Peptidi haina bahati hiyo. Huanza kama protini ndefu kwenye mwili wa seli, ikakatwakatwa na vimeng'enya njiani inapoteremka kwenda nchani, ikafungashwa kwenye vifuko vikubwa vya kipenyo cha nanomita 100 hivi. Ikitoka hairudi, husambaa mpaka ikutane na kimeng'enya cha kuikata. Kwa hiyo seli haiimwagi ovyo. Kwa kawaida husubiri mpaka ipate mapigo ya haraka, mfululizo.

Glutamati humwagwa kwenye mwanya mwembamba baina ya seli mbili na kupokewa papo hapo. Peptidi husambaa mbali zaidi, kama adhana inavyotoka mnarani: inamfikia kila aliye karibu, lakini huitika yule inayemhusu. Seli inayoitika ni ile yenye kipokezi. Vipokezi vya peptidi karibu vyote ni protini zinazopita kwenye utando wa seli mara 7 na kuamsha protini G upande wa ndani. Hushika peptidi hata ikiwa kwenye kiwango cha nanomola, wakati glutamati kwenye mwanya wake hufikia milimola, kipimo kikubwa mara milioni. Kazi yake si ya haraka. Huchukua sekunde, dakika, hata saa.

Swali lako la pili ndilo kiini cha safu yote ya mwezi huu. Peptidi yenyewe haijui kama ni ya maumivu au ya kutapika. Kazi yake huamuliwa na mahali kipokezi kilipo. Dutu P iligunduliwa mwaka 1931 na von Euler na Gaddum, na kipokezi chake kikuu huitwa NK1. Kwenye tabaka la juu la pembe ya nyuma ya uti wa mgongo, NK1 kimekaa juu ya seli zinazopandisha habari za maumivu kwenda ubongoni. Kwenye shina la ubongo, katika eneo la postrema na kiini cha njia pweke jirani yake, kipokezi hichohicho kimo kwenye mtambo wa kutapika. Ukikiziba huko, mgonjwa wa saratani anayepewa dawa kali hatapiki sana. Hiyo ndiyo kazi ya aprepitanti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003: kwa kawaida miligramu 125 siku ya kwanza, kisha 80 siku ya pili na ya tatu. Dawa za jamii hiyohiyo zilipojaribiwa kwa watu kama dawa za maumivu hazikufua dafu, ingawa kwa panya zilionekana kufaa.

Baada ya mama kujifungua tunamchoma oksitosini yuniti 10 kwenye msuli. Mtandaoni wanaiita homoni ya upendo. Je, sindano yetu ndiyo inayomfanya mama ampende mtoto? Na je, mama ambaye hakuchomwa atakuwa na upungufu?
*Mkunga, Liwale*

Hapana, kwa yote mawili. Sindano hiyo kazi yake iko kwenye mji wa mimba. Misuli ya mji wa mimba huongeza vipokezi vya oksitosini kwa wingi kadiri siku za kujifungua zinavyokaribia, na ndiyo sababu yuniti 10 zinazokaza uzazi vizuri baada ya mtoto kutoka zingefanya kidogo sana miezi ya mwanzo ya mimba. Kutoka kwenye damu kwenda ubongoni kuna ukuta wa mishipa midogo ambao peptidi ya asidi amino 9 haiupenyi isipokuwa kwa kiasi kidogo mno. Tena damuni oksitosini hupungua kwa nusu ndani ya dakika chache.

Ubongo una oksitosini yake. Hutengenezwa na seli za viini viwili vya hipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo: kiini cha paraventrikula na kiini cha supraoptiki. Sehemu hushushwa kwenye tezi ya pituitari, upande wa nyuma, ikaingia damuni, na sehemu humwagwa ndani ya ubongo wenyewe. Shingo ya kizazi inapotanuka, na mtoto anaponyonya, habari hupanda kwenye viini hivyo na kuviamsha. Mama asiyechomwa sindano ana njia hizo zote. Mtoto kuwekwa kifuani mapema na kunyonya ndani ya saa ya kwanza ndiko kunakoiamsha oksitosini ya ubongoni.

Vipokezi vyake ubongoni viko wapi? Inategemea unamwuliza mnyama gani. Kwa panya wa maabara vimejaa kwenye amigdala ya kati, kiini cha ventromediali cha hipothalamasi na sehemu ya chini ya hipokampasi. Kwa binadamu ramani za mwanzo, za mwaka 1991, zilionyesha zaidi kiini cha chini cha Meynert na dutu nyeusi ya ubongo wa kati. Anayechukua ramani ya panya akaihamishia kwa mama aliye wodini anakosea.

Kuna jambo moja la vipokezi ambalo ni la wodini hasa. Oksitosini na vasopresini, homoni inayozuia mkojo, zinatofautiana kwa asidi amino 2 tu kati ya 9: ya tatu na ya nane. Oksitosini ikiwa nyingi, kwa muda mrefu, huanza kushika vipokezi vya V2 vya vasopresini kwenye figo. Maji hayatoki. Ukiwa umeiweka kwenye dripu ya glukosi asilimia 5 na ukabadilisha chupa baada ya chupa, chumvi ya damu hushuka, mama analalamika kichwa, anachanganyikiwa, mwishowe degedege ambalo mtu anaweza kulidhania kifafa cha mimba. Tumia maji ya chumvi au Ringer, andika kiasi kinachoingia na mkojo unaotoka. Usiisukume yuniti 10 kwa mkupuo kwenye mshipa, kwa sababu shinikizo la damu huporomoka. Kabla ya kuchoma, papasa tumbo uhakikishe hakuna pacha. Na kwa joto la kwetu, ampuli zikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Ampuli iliyoachwa kwenye trei dirishani siku kadhaa haionyeshi dalili yoyote kwa macho, lakini nguvu yake imepungua, na utaigundua damu inapokataa kusimama.

Baba yangu ana saratani na amepewa morfini ya maji. Ndugu wanasema itamzimisha pumzi, wengine wanamficha chupa. Tena choo kimefunga siku nne. Tufanyeje?
*Anayemuuguza baba, Lindi mjini*

Pole sana kwa kumuuguza mzee. Choo kwanza, kwa sababu hilo ndilo linalomtesa leo. Morfini hushika vipokezi vya miu, vilevile ambavyo endofini na enkefalini za mwili hutumia. Vipokezi hivyo viligunduliwa mwaka 1973 na maabara za Marekani na Uswidi, na enkefalini ikafuata mwaka 1975 huko Aberdeen. Viko uti wa mgongoni, viko kwenye eneo la kijivu linalozunguka mfereji wa ubongo wa kati, viko kwenye talamasi. Hapo ndipo maumivu yanapopunguzwa. Viko pia kwenye mtandao wa neva za utumbo, na huko hupunguza msukumo wa choo. Mwili huzoea kichefuchefu na usingizi baada ya siku chache. Utumbo hauzoei. Kwa hiyo dawa ya kusukuma choo, kama bisakodili au sena, huanza siku ileile morfini inapoanza na huendelea muda wote. Siku nne ni nyingi: mwone mhudumu leo, na kama mzee anatapika au tumbo limejaa na kukaza, nendeni bila kusubiri, asipewe dawa ya kusukuma choo kabla hajapimwa.

Kuhusu pumzi, hofu ya ndugu ina msingi wake, ila imewekwa mahali pasipo. Shina la ubongo lina kundi dogo la seli, eneo la pre-Bötzinger, linalopiga mdundo wa kupumua, na lina vipokezi vya miu. Dozi kubwa ya ghafla hulipunguza kasi. Dozi inayoanza chini, mara nyingi miligramu 2.5 hadi 5 kila saa 4 kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia, ikapandishwa polepole kufuata maumivu, ni nadra kufika huko.

Linalokwenda kombo mara nyingi ni kipimo. Morfini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti: ipo ya miligramu 5 kwa mililita 5, na ipo ya miligramu 50 kwa mililita 5. Kijiko kilekile, dawa mara kumi. Kila mnapopewa chupa mpya, someni maandishi kabla ya kumpa, na mpime kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha chai. Kosa la pili ni figo. Mzee akiacha kukojoa vizuri, mabaki ya morfini yenye nguvu hujikusanya mwilini ingawa dozi haijabadilika. Mwambieni daktari mara moja.

Dalili za kuzidi: haamki vizuri akiitwa na kutikiswa, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, na pumzi chini ya 8 kwa dakika. Hesabu dakika nzima kwa saa. Mboni ndogo peke yake si hatari. Kila anayetumia morfini huwa nayo. Hospitali watampa naloksoni, inayoichomoa morfini kwenye kipokezi. Lakini naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90, na morfini inaweza kubaki baada yake, kwa hiyo mkiambiwa mzee abaki chini ya uangalizi, msikimbilie kumrudisha nyumbani. Na msiikatishe ghafla kwa kuficha chupa: maumivu yatarudi yote, pamoja na jasho, kuhara na kutetemeka.

Nafundisha baiolojia. Wanafunzi wanauliza kama wanaweza kuona vipokezi kwa hadubini ya shule. Huwa vinachorwaje ramani?
*Mwalimu, Masasi*

Mwalimu, hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya mikromita 0.2, na kipokezi ni cha nanomita chache tu. Hakionekani. Hata maabara kubwa hazikioni chenyewe. Huona kitu kilichokishika. Njia iliyotupa ramani nyingi ni ya kukibandika molekuli yenye mionzi. Ielezee darasani kwa utaratibu huu, kwa sababu kila hatua ina sababu yake.

Ubongo mbichi hugandishwa haraka kwenye isopentani iliyopozwa kwa barafu kavu. Ukigandishwa polepole, chembe za barafu hupasua tishu na vipande hujaa matundu. Hukatwa ndani ya mashine yenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, vipande vya mikromita 14 hadi 20, vikabandikwa kwenye vioo na kuhifadhiwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Siku ya kazi vipande huoshwa kwanza kwenye maji ya Tris (kemikali inayozuia pH isibadilike) ya milimola 50, pH 7.4, ili peptidi ya mnyama mwenyewe iachie vipokezi. Ukiruka hatua hii, viti vimeshakaliwa na ramani hutoka tupu mahali ambapo si patupu.

Kisha vipande hulowekwa saa moja kwenye peptidi yenye iodini-125. Kwa kipokezi cha oksitosini hutumika peptidi ya kutengenezwa, kwa kiwango cha pikomola 50 hivi, pamoja na magnesi kwa sababu kipokezi hiki hushika vizuri magnesi ikiwepo. Kando huwekwa vipande vya jirani kwenye mchanganyiko uleule ulioongezewa peptidi isiyo na mionzi, mikromola 1. Hiyo hujaza vipokezi vyote, na mionzi itakayobaki ni ile iliyojibandika ovyo kwenye mafuta na kioo. Ramani ya kweli ni jumla ukitoa hiyo. Baadaye huoshwa kwa maji baridi sana mara kadhaa, dakika 5 kila mara. Maji ya uvuguvugu yangeiachisha peptidi kutoka kwenye kipokezi chake. Hukaushwa kwa hewa baridi, vikalazwa juu ya filamu kwa siku chache. Iodini-125 hupungua kwa nusu kila siku 60 hivi, kwa hiyo peptidi ya mwezi juzi haiwezi kulinganishwa na ya leo bila kupiga hesabu, na kila filamu huwekewa vipimo vya mionzi inayojulikana.

Mtego mkubwa uko baada ya picha kupendeza. Ile peptidi ya oksitosini hushika pia kipokezi cha V1a cha vasopresini, hasa kwa nyani na binadamu, mpaka uzibe V1a kwanza. Njia nyingine, ya kutafuta ujumbe wa jeni, huonyesha seli inayotengeneza kipokezi, lakini kipokezi chenyewe kinaweza kuwa kimesafirishwa hadi kwenye ncha ya neva, sehemu nyingine kabisa ya ubongo. Na antibodi zinazouzwa kwa vipokezi vya jamii hii nyingi hushika visivyo. Isiyojaribiwa kwenye mnyama aliyeondolewa jeni ya kipokezi hicho, mimi siiamini.

Shuleni fanyeni ubongo wa mbuzi. Chukueni kichwa cha mnyama aliyekaguliwa na mkaguzi wa nyama. Kamwe msitumie mbwa, paka, wala mnyama aliyekutwa amekufa. Kichaa cha mbwa na kimeta si mchezo. Mchinjaji apasue fuvu kwa shoka dogo pembeni, si katikati. Fomalini kali ya dukani ichanganywe sehemu 1 kwa 9 za maji, ujazo uwe mara kumi ya ubongo, yaani lita 1 hadi 1.5. Ifanyeni nje penye upepo, na glovu. Mvuke wake unachoma macho na mapafu. Pitisheni uzi chini ya mshipa wa damu ulio upande wa chini wa ubongo na kuuning'iniza, maana ukilala chini ya ndoo utakakamaa ukiwa bapa. Acheni wiki mbili, osheni kwa maji yanayotiririka siku nzima, kisha kateni kwa kisu kirefu vipande vya milimita 5, kwa mkato mmoja usiorudi nyuma.

Upande wa chini mtaona neva za macho zikikutana. Eneo lililo nyuma yake hadi kwenye vivimbe viwili vidogo ni hipothalamasi. Kwenye kipande cha ubongo wa kati, tafuteni tundu dogo katikati. Kijivu kinachoizunguka ni pa vipokezi vya miu. Fungueni chini ya serebela: ukingo wa nyuma wa sakafu ile ndipo lilipo eneo la postrema. Chomekeni pini za rangi, nyekundu kwa miu, buluu kwa NK1, njano kwa oreksini (peptidi ya kutuweka macho), na mwambie kila mwanafunzi aandike kipokezi hicho kikizibwa pale kitaleta nini.

Fuko wanamaliza mihogo yangu. Nimesikia wapo wanaoishi kundi zima chini ya malkia mmoja, lakini huku ukitega unapata mmoja mmoja. Kwa nini?
*Mkulima, Newala*

Shikamoo mzee. Fuko wa rangi ya fedha, anayepatikana Tanzania na Msumbiji, huishi peke yake, kila mmoja na mfumo wake wa mifereji. Wale wa malkia ni fuko uchi wa Kenya, Ethiopia na Somalia, wasio na manyoya, wanaoweza kuwa makumi kadhaa hadi 300 kwenye koloni moja.

Mwaka 2010 watafiti walilinganisha ubongo wa fuko uchi na wa fuko wa Rasi ya Afrika Kusini, ambaye naye ni mpweke. Wote wana oksitosini. Tofauti ilionekana kwenye vipokezi: fuko uchi alikuwa navyo vingi zaidi kwenye akumbensi, eneo la ubongo linalohusika na kuvutiwa na kurudia jambo. Mfano wa namna hiyo ulikwisha kuonekana mwaka 1992 kwa panya wawili wa nyasi wa Marekani. Microtus ochrogaster, anayekaa na mwenzi mmoja, ana vipokezi vingi hapo. Microtus montanus, asiyekaa na mwenzi, ana vichache. Watafiti walijengea hapo nadharia kubwa. Kisha mwaka 2023 wakatoa taarifa kwamba Microtus ochrogaster aliyeondolewa kabisa jeni ya kipokezi cha oksitosini bado alishikamana na mwenziwe. Ramani inakwambia pa kutazama, lakini mnyama anayekua bila kipokezi anaweza kupata njia nyingine.

Wanyama hutofautiana hivi hata pale ambapo dawa za watu zinategemea kufanana kwao. Kipokezi cha pili cha CRF, kwa panya kimejikusanya kwenye septamu na hipothalamasi. Kwa nyani kimeenea hadi kwenye gamba la ubongo na pituitari. Mtu akipima dawa ya wasiwasi kwa panya peke yake, amepima ubongo wenye ramani nyingine.

Kwa mihogo, mzee, hakuna peptidi ya kumwaga shambani. Fuko hapendi mfereji wake uwe wazi. Tafuta kichuguu kibichi, fukua mpaka ukute mfereji, usafishe kwa sentimita 30, tega mtego ndani ukielekea upande aliko, na uache mwanga uingie. Mara nyingi hurudi kuziba ndani ya saa chache.

Nabangua korosho kwa mkono. Mafuta ya ganda yananichubua na muwasho hauniachi usiku. Vidonge vya mzio haviniponyi, vinanilaza tu.
*Mbanguaji, Tandahimba*

Dada, pole. Vidonge hivyo huziba histamini, na muwasho wako hautoki huko. Mafuta ya ganda yana asidi anakadiki na kadoli. Huunguza ngozi, kisha huamsha seli za kinga ambazo hushambulia ngozi kila inapoguswa tena. Habari ya muwasho hufika uti wa mgongoni, ambako peptidi iitwayo GRP ina kipokezi chake kwenye tabaka za juu za pembe ya nyuma. Mwaka 2007 ilionekana kwamba panya asiye na kipokezi hicho hujikuna kidogo sana, ingawa maumivu huyasikia kama kawaida. Dawa ya kukiziba kwa watu bado haiko dukani.

Kujikuna nako kunaongeza moto: ncha za neva ngozini humwaga dutu P na peptidi nyingine iitwayo CGRP, mishipa hupanuka, pakavimba. Paka mafuta ya nyonyo viganjani kabla ya kuanza na uyarudie kila unapoyaona yamefutika, vaa glovu za mpira zisizo na tundu, nawa kwa sabuni kabla ya kujishika uso. Kwa ngozi iliyokwishavimba, krimu ya haidrokotisoni asilimia 1 mara mbili kwa siku, si zaidi ya wiki moja, wala usiipake usoni au penye kidonda wazi. Usaha au homa, nenda zahanati.

Binti yangu wa miaka 15 anasinzia darasani kila siku hata akilala vizuri. Akicheka sana magoti yanamlegea anaanguka, lakini anasikia kila kitu. Watu wanasema majini.
*Mzazi, Nachingwea*

Mama, ulivyoeleza kuanguka kwa kicheko huku akili iko macho ni dalili mahususi sana. Inaelekea ni ugonjwa wa usingizi uitwao nakolepsi ya aina ya kwanza. Kwenye hipothalamasi ya pembeni mtu ana seli 50,000 hadi 80,000 za kutengeneza oreksini, peptidi iliyogunduliwa mwaka 1998. Vipokezi vyake ni viwili: OX1 kimejaa kwenye kiini cha buluu cha shina la ubongo, na OX2 kwenye seli za histamini zinazotuweka macho. Kwa wenye ugonjwa huu seli za oreksini zimekufa karibu zote. Mbwa aina ya Doberman wenye ugonjwa huohuo wa kurithi wana oreksini ya kutosha, ila kipokezi cha OX2 ndicho kibovu. Dalili ni zilezile.

Kwanza wampime damu, malaria na wingi wa damu, maana upungufu wa damu na kukosa usingizi ndivyo vinavyosinzisha wengi. Mwandikie daktari daftari la wiki mbili: saa ya kulala, saa ya kuamka, kila alipolegea na kilichomchekesha. Omba rufaa kwa daktari wa neva. Matibabu yapo, ya kumweka macho na ya kuzuia kulegea. Shuleni aruhusiwe kulala dakika 15 hadi 20 mchana kwa saa maalumu; humsaidia kuliko kumchapa. Asipande mkorosho, asiogelee peke yake, asibebwe nyuma ya bodaboda bila mtu wa kumshika, asikae karibu na moto wa wazi.

Nimeona mtandaoni dawa ya kupulizia puani ya oksitosini, inaahidi kumrudisha mwenzi. Ninunue?
*Msomaji, Mikindani*

Usinunue. Tafiti nyingi zimetumia yuniti 24 za kupulizia puani, na matokeo yake hayakubaliani. Kiasi kinachofika kwenye vipokezi vya ubongo ni kidogo, na hakiendi kwa mtu unayemtaka. Kinaenda popote vipokezi vilipo. Chupa iliyosafiri kwa posta kwenye joto huenda haina kitu tena ndani. Mjamzito asiipulize kabisa, kwa sababu inayoingia damuni kupitia pua inaweza kukaza mji wa mimba.